Mkopo wako unakusalimia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni afisa mikopo katika SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ya watumishi mkoani Morogoro, wanachama wetu wengi ni walimu na wauguzi. Huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Wanachama wengi hukatwa marejesho moja kwa moja kwenye mshahara, kwa hiyo ninaowafuatilia kwa simu ni wastaafu, pamoja na waliochukua mikopo ya dharura au ya biashara ambao huleta fedha wenyewe dirishani.

Nilipoajiriwa niliukuta ujumbe mmoja tu wa kukumbusha deni. Unasema hivi: "Ndugu mwanachama, unatakiwa kulipa rejesho lako mara moja. Kinyume na hapo hatua za kisheria zitachukuliwa dhidi yako." Unatumwa kwa wote, aliyechelewa siku mbili na aliyechelewa miezi sita. Watu wameshauzoea kama wanavyozoea kipaza sauti cha muuza dawa ya panya. Simu inalia, wanaangalia, wanairudisha mfukoni.

Mwezi Machi nikaamua kuandika wa kwangu. Sikumwomba mtu ruhusa. Niliandika: "Mkopo wako unakusalimia sana. Unauliza mbona siku hizi huonekani, au mmegombana? Pitia ofisini kabla ya tarehe 28 mpatane. Karibu."

Shangazi, watu walikuja! Wengine waliingia wanacheka tangu getini, wanasema, "Nimekuja kupatana na mwenzangu." Mwalimu mmoja aliyekuwa akinikwepa hata sokoni alikuja, akalipa nusu, akaahidi nusu, na akaileta. Mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilijiona kama mtu anayesaidia watu badala ya kuwatisha. Mwezi uliofuata nikautuma tena vilevile.

Wiki tatu baadaye akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Aliweka simu yake juu ya kaunta akasema, "Mwanangu, nisomee hapa, miwani nimeisahau." Nikamsomea. Nilikuwa sijui. Nilisoma kwa sauti hadi mwisho, mpaka lile neno "Karibu". Akaniambia, "Mkopo huu nilimtibia baba watoto. Tulimzika Jumamosi. Ujumbe wako ulinikuta bado nimekaa mkekani. Mimi sijagombana na mtu." Akachukua simu yake, akaondoka taratibu.

Meneja wetu ni mtu mzima, nilimpa shikamoo siku ya kwanza na ninampa mpaka leo. Aliniita akasema hapa ni ofisini, siyo kijiweni, na kuanzia siku ile unatumwa ujumbe wa zamani tu. Hakunipa barua ya onyo, ila wenzangu sasa wananiita mchekeshaji. Wanachama wamerudi kukaa kimya, na mimi nikiandika chochote mkono unakuwa mzito, hata tangazo la chai.

Naomba unijibu kwa moyo wako wote. Je, ni kweli kwamba ofisini hakuna nafasi ya kicheko? Nirudi kwenye lugha ile baridi mpaka nistaafu? Na huyu mama nitamtazamaje?

Aliyenyamaza,
Morogoro

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hayo mawili ya kwanza yanaweza kusubiri na hili haliwezi. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali uliposema ulikwenda kwa yule mama. Sikupaona. Basi nenda. Usimtumie ujumbe, wala usimpigie simu kujieleza. Chagua siku, vaa kwa heshima, chukua rambirambi kutoka mfukoni mwako, usiichukue kwenye kasha la ofisi, na mwombe mfanyakazi mwenzako mmoja mwenye umri akusindikize. Ukifika, kaa chini. Mpe pole ya msiba kwanza, msikilize akueleze mzee aliugua vipi, maana wafiwa hupenda kuulizwa na wengi huogopa kuwauliza. Ndipo umwambie: "Mama, ujumbe ule niliuandika mimi. Sikujua. Nisamehe." Maneno hayo yanatosha. Usiongeze kwamba ulitumwa kwa watu wote, kwa kuwa yeye aliupokea peke yake.

Siku hiyo usitaje deni. Ukirudi ofisini, fungua jalada lake na ufanye kazi yako sawasawa: angalia kama SACCOS yenu ina mfuko wa kufa na kuzikana na kama msiba wa mwenzi wa ndoa unaingia humo, kisha umwandalie maombi kamati ya mikopo ya kupanga upya marejesho yake. Msaada huo unao mkononi, na ndio utakaomweleza Mama wewe ni mtu wa namna gani.

Sasa tuje kwenye kicheko.

Wengi wangekujibu kwa haraka kwamba kosa lako ni kuleta utani kwenye msiba. Sikubaliani nao, na anayesema hivyo amesahau alikotoka. Wazee wetu ndio waliopeleka utani msibani. Mzaramo na Mnyamwezi waliokutana kwenye njia za misafara kati ya bara na pwani, Mhehe na Mngoni ambao wazee wao walipigana vita katika karne ya 19, Mchaga na Mpare: mtani anafika matangani, anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, anazuia watu wasiende makaburini mpaka alipwe, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayemfukuza. Asipotokea, watu huulizana kulikoni.

Kwa nini basi mtani anachekesha mfiwa na ujumbe wako ukamchoma? Nimelifikiria hili siku kadhaa. Mtani anajulikana. Ana sura, ana ukoo, amefika kwa miguu yake na amekaa kwenye mkeka uleule. Tena mtani hujibiwa. Anayemtania leo anajua kwamba siku msiba ukiwa kwake, zamu itageuka, naye ataliwa kuku wake na kuvaliwa koti la baba yake. Utani unakwenda na kurudi. Hapo ndipo heshima yake ilipo.

Ujumbe wako ulitoka kwa nani? Nina hakika ulitumwa kwa mfumo ule wa ofisi ambao juu ya kioo cha simu unaonyesha jina la SACCOS badala ya namba. Anayepokea ujumbe wa namna hiyo akibonyeza kujibu, jibu haliendi popote. Yule mama hakuwa na wa kumwambia, "Mwanangu, tumefiwa." Ilibidi asubiri, apande gari, aje aweke simu kwenye kaunta ili jibu lake lifike. Utani usio na njia ya kujibiwa hugeuka kejeli, hata kama aliyeuandika alikuwa na moyo safi kama wako. Wale waliokuja wakicheka, angalia walifanya nini: walikuja dirishani kukujibu. "Nimekuja kupatana na mwenzangu." Walikuwa na afya, walikuwa na nauli, walikuwa na la kusema. Utani ulikamilika pale dirishani, mbele ya uso wako. Kwenye simu ulikuwa umeanza tu.

Kuna jambo jingine unalopaswa kulikumbuka kuhusu ujumbe wa deni hasa. Watu wetu wameumizwa. Unaijua mikopo ya riba kubwa wanayoiita kausha damu, na unazijua zile programu za simu zilizokuwa zikimkopesha mtu kidogo kisha kuwatumia ndugu zake, bosi wake na mchungaji wake ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo, iliyotungwa mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Lakini mtu aliyewahi kuaibishwa mbele ya wakwe zake hasomi sheria kwanza. Simu ikilia na neno "mkopo" likatokea, moyo unamruka kabla hajafika kwenye mzaha wako.

Meneja wako analiogopa hilo, na hofu yake ina msingi. Akija afisa ushirika, au malalamiko yakifika kwa Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika, atakayeulizwa ni yeye. Ila dawa aliyoichagua siyo. Nitaeleza kwa nini, na nitapita njia ndefu kidogo.

Nilifanya kazi masjala, pale majalada ya ofisi yanapotunzwa, kwa miaka mingi, enzi za mashine za chapa na karatasi za kaboni, kwenye ofisi ambayo sitaitaja. Maofisa walikuwa na tabia ya kuchukua majalada na kukaa nayo mezani, wengine wanayapeleka nyumbani. Kila mwezi mkuu wetu wa masjala alibandika tangazo: wahusika wote mnatangaziwa kurejesha majalada, atakayekaidi atachukuliwa hatua. Halikurudi hata moja. Kumbuka kwamba aliyekaa na jalada miezi minne akilirudisha baada ya tangazo kama lile, anakuwa amejitaja mwenyewe kuwa ndiye mkaidi. Bora alifiche zaidi.

Akaja mkuu mpya, mama mnyamavu kutoka Lindi. Yeye akabandika karatasi ndogo, mwandiko wa mkono, na jina lake chini: "Majalada sita yameondoka nyumbani bila kuaga. Mama yao nina wasiwasi. Aliyeyapa hifadhi nampa asante, ayarudishe tu, sitauliza yalilala wapi." Kesho yake asubuhi tulikuta matano juu ya meza ya mapokezi.

Nimekuwa nikiitafakari karatasi ile maisha yangu yote ya kazi. Iangalie vizuri. Kicheko kilikuwa juu ya majalada na juu ya yeye mwenyewe, mama anayesubiri watoto. Aliyekosa hakuguswa. Alipewa hata cheo, kwamba amewahifadhi. Akafunguliwa mlango wa kutokea bila aibu. Jina lilikuwepo, dawati linajulikana, na mtu angeweza kupita akamtania, "Mama, watoto wako wasumbufu." Wengi walipita wakafanya hivyo. Na lile jalada la sita lilipochelewa, hakubandika tena. Alikwenda mwenyewe kwa ofisa aliyekuwa nalo, akafunga mlango, wakazungumza. Pale hapakuwa na mzaha.

Wewe, mwanangu, ulianza vizuri kabisa. "Mkopo wako unakusalimia" ni sentensi nzuri, na ninakuambia hivyo bila kukupamba: mkopo umepewa mdomo, unasalimia kama jirani, deni linakuwa ndugu uliyemkosa. Lakini ukaongeza "au mmegombana?" na hapo kidole kikageuka kumwelekea msomaji. Sasa ni yeye mwenye kosa, ndiye aliyenuna. Maneno mawili tu. Ndiyo hayohayo Mama aliyokujibu: "Mimi sijagombana na mtu." Yale ya mwanzo hakuyagusa.

Hata wakubwa wa maneno walijua kuchagua wa kumcheka. Mwalimu Nyerere, katika hotuba zake za mwaka 1995, alisimulia sheria ya zamani ya kumfunga mla rushwa pamoja na viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, akamwonyeshe mkewe. Watu walivunjika mbavu, na jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko yote. Aliyekuwa akichekwa ni mwenye nguvu anayekula haki ya mnyonge. Mwenye deni anayesubiri dirishani kwako ni mnyonge wa siku hiyo.

Sasa ule ujumbe wa zamani. Meneja anauona ni wa heshima kwa sababu ni wa kiofisi. Nami nilizichapa barua za namna hiyo kwa maelfu: "Yah:", "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", "Wako mtiifu". Lugha ile tuliirithi kwa serikali ya kikoloni, ambapo karani hakutakiwa kuwa mtu. Hebu usome tena: "unatakiwa", "hatua zitachukuliwa". Anatakiwa na nani? Zitachukuliwa na nani? Hakuna mtu mle ndani. Naye anayeupokea hawezi kujibu, kama Mama alivyoshindwa. Ujumbe wa meneja na ujumbe wako wa Machi vina kasoro ileile moja, na kasoro hiyo mzaha hauiondoi, wala kufuta mzaha hakuiondoi.

Kwa hiyo kabla hujafikiria kuchekesha, weka mtu ndani ya ujumbe. Kwa rejesho ambalo siku yake haijafika, andika hivi: "Habari Mwalimu. Rejesho lako la Juni ni 85,000, mwisho tarehe 28. Kukiwa na tatizo nipigie tuongee." Halafu jina lako na namba ya simu ya dirisha la mikopo. Hakuna utani hapo, na bado ni sauti ya mtu. Huo unaingia kwenye herufi 160 za ujumbe mmoja, kwa hiyo hata mhasibu hatalalamika kwamba umelipia ujumbe wa pili.

Kwa aliyechelewa: "Habari za siku. Sijakuona tarehe 28 na sijapata simu yako. Uko salama? Nipigie au upite, tupange namna ya kulipa." Jina, namba. Nakuomba uliangalie hilo swali, "Uko salama?" Kwetu sisi, mtu akipotea, hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya kuuliza alichokopa. Ungemtumia Mama huo, angekujibu kwa mstari mmoja kwamba wamefiwa, na wewe ungekuwa matangani siku ya pili ukiwa na rambirambi. Lakini ukiuliza, uwe tayari kupokea simu. Kama huna nafasi ya kupokea, usiulize.

Aliyekaa kimya miezi, simu hapokei, barua amepata mbili, huyo mwandikie ile rasmi. Iwe na Kumb. Na., iwe na Yah:, iwe na tarehe na kiasi na kifungu cha mkataba. Barua hiyo inaweza kusomwa siku moja mbele ya hakimu, na mbele ya hakimu hakuna anayetaka kueleza mzaha. Hapo meneja wako yuko sahihi kabisa, na umwambie hivyo.

Mwendee asubuhi, kabla hajachoka. Usiende na hoja, nenda na karatasi yenye jumbe hizo ulizoziandika kwa mkono wako. Anza na kukiri: "Mzee, nilituma bila kukuomba ruhusa, nilikosa." Mweleze kwamba umekwenda kwa Mama, maana hilo litamgusa kuliko maelezo mengine yote. Kisha umwombe mwezi mmoja wa kujaribu huo wa kwanza peke yake, usio na mzaha wowote, wenye jina na namba. Akiuliza kwa nini namba, mwambie unataka wenye shida wakuambie mapema ili kamati ipange upya marejesho kabla mkopo haujaharibika. Hiyo ni lugha anayoijua.

Wenzako wanaokuita mchekeshaji, waache. Itapita wakikuona unaandika tena.

Maana kicheko kina mahali pake ofisini, tena pengi. Tangazo la mkutano mkuu ni mojawapo. Andika: "Mkutano ni Jumamosi saa 3 asubuhi. Ni saa 3 ya saa, siyo saa 3 ya harusi." Ukumbi mzima utakuelewa, hakuna mmoja atakayedhani anasemwa yeye, kwa kuwa sote tumeshakaa kwenye viti vya harusi tukisubiri saa mbili nzima. Tangazo la chai nalo, ambalo unasema mkono unakuwa mzito, lianzie hapohapo kesho. Mwambie sukari imehama bila notisi. Wafanyakazi wenzako wanakujua, wanakuona, watakujibu kabla kikombe hakijapoa. Anza na wale wanaoweza kukurudishia, mkono utakuwa mwepesi tena.

Na ile sentensi yako usiitupe. Iandike kwa mwandiko mzuri kwenye kadi, uiweke pale dirishani unapokaa, upande wa wanachama: "Mkopo wako unakusalimia sana." Iishie hapo. Atakayeisoma atakuwa amesimama mbele yako, anakuona, na akitaka kuujibu mkopo wake atakujibu wewe. Ila subiri kwanza mpaka Mama amalize kulipa.

Shangazi